Kutoka Kokwet hadi Bungeni: Uthibitisho wa Wenye Vyeo katika Historia ya Nchi ya Chai, Kericho na Bomet

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha Kenya mna usemi ambao umezoeleka sana tangu Katiba ya mwaka 2010 ianze kutumika. Husemwa kwamba mteule wa cheo kikubwa serikalini "hupigwa msasa" bungeni kabla ya kuapishwa. Usemi huu husikika redioni na husomwa magazetini, na watu wa kawaida huutumia bila kusita, mjini Kericho na hata katika vituo vya kununulia chai vya Litein, Mogogosiek na Kapkoros. Sheria yenyewe hutumia maneno mengine, kama vile kuteua, kuidhinisha na kuthibitisha. Kila moja la maneno haya lina maana yake, na tofauti iliyopo kati yao si tofauti ya sauti tu, bali ni tofauti ya fikra juu ya asili ya madaraka.

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya jambo linalotajwa kwa maneno hayo, yaani ile kanuni isemayo kwamba mtu hashiki madaraka makubwa mpaka wale watakaotawaliwa naye, au wawakilishi wao, wawe wamekwisha kumkubali. Tumechagua kuitazama kanuni hii katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, kwa sababu hapo twaweza kuziona kwa karibu hatua zote za historia yake: baraza la wazee, chifu wa serikali ya kikoloni, waziri wa zama za chama kimoja, na mwisho waziri na naibu wa gavana chini ya Katiba ya 2010.

Wako wasemao kwamba idhini ya bunge ni desturi ya Marekani iliyoletwa Kenya pamoja na Katiba hiyo. Ni kweli kwamba Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 iliipa Seneti uwezo wa kuwakubali au kuwakataa wateule wa Rais, na kwamba Seneti hiyo ilimkataa mteule wa kwanza, Benjamin Fishbourn, mwezi wa Agosti mwaka 1789. Lakini kuiga utaratibu si sawa na kuiga wazo. Tutajaribu kuonyesha kwamba wazo la ridhaa halikuwa geni katika nchi ya chai. Kilichokuwa kigeni ni cheo kinachotolewa na mtu mmoja bila mwingine kuulizwa. Hata hivyo tutaonyesha pia kwamba ridhaa iliyorudi mwaka 2010 haijarudi nzima.

2. Kokwet na ridhaa ya wazee

Wakipsigis, ambao ndio wenyeji walio wengi wa Kericho na Bomet, hawakuwa na mfalme. Maisha yao ya kila siku yaliendeshwa katika kokwet, neno lenye maana mbili zisizotengana: ujirani wa nyumba kadhaa, na baraza la wazee wa ujirani huo. Mashauri ya mipaka, ya mifugo iliyoharibu mashamba na ya ugomvi baina ya majirani yalisikilizwa hapo, aghalabu chini ya mti. Aliyeongoza mazungumzo aliitwa boiyot ab kokwet, yaani mzee wa kokwet. Juu ya kokwet kulikuwa na jumuiya kubwa zaidi, pororiet, iliyowaunganisha watu kwa ajili ya vita na mashauri mazito, nayo ilikuwa na mwamuzi wake aliyeitwa kiruogindet.

J. G. Peristiany, ambaye kitabu chake juu ya jamii ya Wakipsigis kilitolewa mwaka 1939, aliueleza utaratibu huu kwa urefu. Jambo linalotuhusu hapa ni namna mtu alivyofikia cheo. Mzee wa kokwet hakukirithi cheo kutoka kwa baba yake, wala hapakuwa na mkubwa wa kumpa. Alitambuliwa. Watu walimsikiliza akisema mara ya kwanza na ya pili, wakaona kwamba hukumu zake hazielemei upande wa jamaa zake, na polepole ikawa kwamba baraza haliwezi kuanza mpaka yeye awepo. Hakuwa na askari. Watu wakiacha kumletea mashauri yao, cheo chake kilikuwa kimekwisha.

Hapana budi tukiri kasoro mbili za picha hii, tusije tukaipamba kupita kiasi. Kwanza, ridhaa iliyotolewa katika kokwet ilikuwa ridhaa ya wanaume, tena wazee. Pili, palikuwa na uongozi mwingine ambao haukutoka katika ridhaa ya baraza, nao ni ule wa orkoiyot wa ukoo wa Talai. Uongozi huu wa kiroho ulikuwa wa urithi, na ulitia mizizi katika nchi ya Wakipsigis baada ya kifo cha orkoiyot Kimnyole huko Nandi mnamo mwaka 1890, pale mwanawe Kipchomber arap Koilegen alipokuja kukaa huku. Kwa hiyo jamii hii ilijua njia mbili za madaraka: ile ya damu na ile ya ridhaa. Lakini haikuijua njia ya tatu, ile ya barua kutoka ofisini.

3. Chifu wa serikali

Njia hiyo ya tatu ililetwa na utawala wa Waingereza. Sheria ya mwaka 1902 juu ya wakuu wa vijiji, na baadaye Sheria ya mwaka 1912 juu ya mamlaka ya wenyeji, zilimpa mtawala uwezo wa kumteua chifu na kumwondoa. Chifu huyo alikuwa na kazi ya kukusanya kodi, kutafuta watu wa kazi na kutangaza amri. Bwana shauri aliweza, akipenda, kuitisha baraza na kusikiliza wazee wanamtaka nani. Lakini sheria haikumlazimisha kufuata walilosema. Jina la chifu lilithibitishwa na serikali iliyomteua, yaani mkono uleule ulitoa na kupokea.

Lugha inatuachia ushahidi wa mabadiliko haya. Neno kiruogindet, ambalo asili yake ni mtu wa kutoa shauri na hukumu, likaanza kutumiwa kwa maana ya chifu wa serikali. Jina likabaki, lakini kiini kikaondoka. Kiruogindet wa zamani alikuwa na uwezo kwa sababu watu walimwendea. Kiruogindet mpya alikuwa na uwezo kwa sababu watu hawakuweza kumkimbia. Mabadiliko kama haya hayakutokea kwa Wakipsigis peke yao, lakini ni mara chache yanaonekana waziwazi namna hii katika neno moja.

Ukoo wa Talai nao ulipatwa na mkasa wake. Mwaka 1914 serikali iliwahamisha Kipchomber arap Koilegen na ndugu zake na kuwapeleka mbali na watu wao, katika nchi ya kati. Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuuondoa ukoo mzima, na watu takriban 700 wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, ambako walikaa mpaka karibu na uhuru. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha upande wa pili wa kanuni yetu. Pale ambapo hakuna chombo cha kuuliza kwa nini fulani anapewa cheo, aghalabu hakuna pia chombo cha kuuliza kwa nini fulani anaondolewa.

Wakati huohuo ardhi ilikuwa inabadilika sura. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sehemu ya ardhi ya Kericho iligawiwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ambao walijaribu kulima kitani wakashindwa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza mashamba makubwa ya chai. Wafanyakazi walitoka kwa Wakipsigis, na pia kwa Wagusii, Waluo na Waluhya, na katika kambi za mashamba hayo Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana. Baraza la Wenyeji la wilaya, ambalo sheria yake ilitungwa mwaka 1924, liliwapa wazee nafasi ya kuzungumza juu ya barabara, shule na ushuru. Lakini mwenyekiti wake alikuwa bwana shauri mwenyewe, na baraza hilo halikupewa uwezo wa kumkubali wala kumkataa chifu hata mmoja.

4. Waziri wa taarifa ya habari

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, na Jamhuri mwaka 1964, uwezo wa kuteua ulihama kutoka kwa Gavana wa Malkia hadi kwa Rais, lakini haukugawanywa. Rais aliwateua mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge, naye aliwaondoa alipotaka. Bunge halikuulizwa. Wakenya wa rika fulani wanakumbuka vizuri taarifa ya habari ya saa saba mchana, ambayo katika utawala wa Rais Moi iliwajulisha hata mawaziri wenyewe kwamba wamepanda au wameshuka.

Hata hivyo haingekuwa haki kusema kwamba waziri wa zama zile hakuthibitishwa na mtu yeyote. Mfano mzuri tunaupata kwa Dakta Taaitta Toweett, ambaye jina lake linajulikana vyema kwa wasomaji wa jarida la lugha. Toweett aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, katika ule uchaguzi ulioongeza viti vya Waafrika. Alishika wizara kabla ya uhuru, na tena katika miaka ya 1970, akiwemo katika Wizara ya Elimu. Mwaka 1976, UNESCO ilipofanya Mkutano wake Mkuu Nairobi, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa mkutano huo. Mwaka 1979 vilitolewa vitabu vyake juu ya isimu ya Kikalenjin na juu ya historia simulizi ya Wakipsigis. Na mwaka huohuo wa 1979, katika uchaguzi mkuu, wapigakura wa Buret walimnyima kiti. Kwa kuwa hakuwa tena mbunge, hakuweza kuwa waziri.

Tukio hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba chini ya Katiba ya zamani mpigakura wa kawaida, hata mchuma chai wa Buret, alikuwa na turufu moja mkononi: angeweza kumwondoa waziri kwa kumwondoa mbunge. La pili ni kwamba turufu hiyo haikuwa na uhusiano na kazi ya wizara. Aliyeamua kama Toweett alifaa kusimamia elimu ya nchi nzima alikuwa Rais peke yake. Aliyeamua kama aendelee alikuwa mpigakura wa Buret, ambaye aliweza kumhukumu kwa barabara, kwa ukoo, au kwa neno lililosemwa harusini. Kati ya hao wawili hapakuwa na baraza la kuuliza swali lililo la msingi: je, mtu huyu anaijua kazi anayopewa?

5. Sheria mpya, 2003 hadi 2011

Mabadiliko hayakuanza ghafla mwaka 2010. Sheria ya mwaka 2003 juu ya kupambana na ufisadi ilikwisha kuagiza kwamba mkurugenzi wa tume ya kupambana na ufisadi apendekezwe na bodi ya ushauri, akubaliwe na Bunge, kisha ateuliwe na Rais. Mwaka 2009 Rais Kibaki alimrudisha Jaji Aaron Ringera katika cheo hicho bila kupitia njia hiyo. Wabunge waliupinga uteuzi huo, na kabla mwezi wa Septemba haujaisha Ringera alijiuzulu. Kwa mara ya kwanza umma ulishuhudia kwamba tangazo la Rais katika gazeti rasmi la serikali lingeweza kurudishwa lilikotoka.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwanzoni mwa mwaka 2011, miezi michache baada ya Katiba mpya kupitishwa. Rais alipeleka majina manne: la Jaji Mkuu, la Mwanasheria Mkuu, la Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na la Msimamizi wa Bajeti. Majina hayo yalipingwa kwa hoja kwamba utaratibu wa mashauriano haukufuatwa. Mahakama Kuu ilitamka kuwa uteuzi huo ulikwenda kinyume cha Katiba; Spika Kenneth Marende naye akatoa uamuzi kwamba Bunge haliwezi kuyajadili; na Rais akayaondoa. Jina la Jaji Mkuu lilipatikana upya kwa njia ya Tume ya Huduma za Mahakama, na mwezi wa Juni Bunge likamkubali Dakta Willy Mutunga.

Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kuongoza shughuli hii. Sheria hiyo inaitaka kamati ya Bunge itazame mambo matatu: njia iliyotumika kumpata mteule, masharti ya Katiba na sheria yanayohusu cheo chenyewe, na kufaa kwa mteule kwa uwezo, ujuzi na tabia. Tena, na hili ndilo lenye uzito mkubwa kwetu, mtu yeyote anaruhusiwa kupeleka hati ya kiapo kuonyesha kwamba mteule hafai. Sheria haisemi awe wakili au mtu wa chama. Kwa maandishi, mama mwenye shamba dogo la chai huko Konoin ana haki sawa na profesa wa Nairobi.

Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu kingine kinachovuta upande wa pili. Muda uliowekwa ukimalizika, nalo Bunge halijakubali wala halijakataa, mteule huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Nia yake inaeleweka, kwani kazi za serikali haziwezi kusimama kwa sababu ya uvivu wa kamati. Hata hivyo katika kokwet kunyamaza hakukuwa ridhaa. Baraza lililonyamaza lilikuwa baraza ambalo bado halijaamua. Hapa kimya kimefanywa kuwa ndiyo.

6. Seneta aliyekuwa waziri

Matokeo ya Katiba mpya katika nchi ya chai yalionekana wazi mwishoni mwa mwaka 2015. Charles Keter alikuwa mbunge wa Belgut tangu mwaka 2002, na mwaka 2013 watu wa Kericho walimchagua kuwa seneta wao wa kwanza. Mwezi wa Novemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta alimteua kuwa Waziri wa Nishati. Katiba ya 2010 hairuhusu waziri kuwa mbunge wala seneta. Kwa hiyo, Bunge la Taifa lilipomkubali, Keter hakuwa na budi kukiacha kiti alichopewa na wapigakura, na mwezi wa Machi 2016 watu wa Kericho walirudi vituoni katika uchaguzi mdogo, wakamchagua Aaron Cheruiyot.

Tulinganishe jambo hili na lile la Toweett. Mwaka 1979 mpigakura alimwondoa waziri kwa kumnyima kiti. Mwaka 2015 cheo cha uwaziri kilimwondoa mwakilishi katika kiti cha mpigakura. Turufu ya zamani imetoka mikononi mwa watu wa jimbo na kuingia mikononi mwa kamati ya Bunge. Badiliko hili lina faida, kwani waziri hahitaji tena kugawanya siku zake kati ya wizara na mazishi ya jimboni, naye huulizwa mbele ya watu maswali juu ya kazi yenyewe. Lakini lina gharama pia. Ikiwa kamati haiulizi kwa dhati, basi hakuna tena anayeuliza, maana mpigakura amekwisha kupokonywa nafasi yake.

Keter mwenyewe alirudi kwa wapigakura. Mwaka 2022 aliacha uwaziri ili atafute ugavana wa Kericho, na katika mchujo wa chama cha UDA alishindwa na Dakta Erick Mutai. Bunge lilikuwa limemkubali kwa uwaziri. Wanachama wa chama chake nyumbani hawakumkubali kwa ugavana. Hukumu hizi mbili hazipingani, kwa kuwa maswali yalikuwa mawili tofauti.

Je, kamati zimeuliza kwa dhati? Rekodi inaonyesha tahadhari zaidi kuliko ushujaa. Mwaka 2022 Kamati ya Uteuzi ilipendekeza Peninah Malonza akataliwe, lakini Bunge zima likaligeuza pendekezo hilo na kumpitisha. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha na kuvunjwa kwa Baraza la Mawaziri, wateule 20 walisailiwa, 19 wakapitishwa. Aliyekataliwa alikuwa Stella Soi Lang'at, mteule wa wizara ya jinsia, ambaye majina yake mawili ya mwisho ni ya kawaida sana katika nchi ya Wakipsigis. Kamati ilisema kwamba hakuonyesha ujuzi wa kutosha wa mambo ya wizara hiyo. Sababu hiyo ni ya halali, na ndiyo aina ya sababu ambayo sheria inaitaka. Linalobaki ni swali kama kipimo hichohicho kilitumiwa kwa wote 20 kwa ukali uleule, maana baadhi ya wateule walikuwa ni mawaziri walewale waliokuwa wamefutwa kazi wiki chache kabla.

7. Mabunge ya kaunti

Bomet ilitengwa na Kericho na kufanywa wilaya mwaka 1992, na mwaka 2013 zote mbili zikawa kaunti, Kericho yenye wadi 30 na Bomet yenye wadi 25. Tangu hapo kanuni ya uthibitisho imeteremka mpaka karibu na mlango wa mwananchi. Gavana hawezi kumweka waziri wa kaunti wa afya au wa kilimo bila idhini ya Bunge la Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaongeza kwamba bunge hilo lisiidhinishe orodha iliyojaa watu wa jinsia moja, wala iliyosahau jamii ndogo zilizomo katika kaunti. Sharti hili si dogo katika nchi ambayo mashamba yake ya chai yamekaliwa kwa miaka 100 na watu wa makabila mbalimbali. Hapo sheria imeiziba ile kasoro ya kokwet tuliyoitaja, yaani ridhaa ya wazee wanaume peke yao.

Bomet ilitoa mfano ambao haukutazamiwa na waandishi wa Katiba. Joyce Laboso, aliyekuwa mbunge wa Sotik tangu mwaka 2008 na Naibu wa Spika wa Bunge la Taifa tangu 2013, alichaguliwa mwaka 2017 kuwa gavana wa Bomet, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kufikia cheo hicho nchini. Alifariki tarehe 29 Julai 2019. Naibu wake, Hillary Barchok, aliapishwa kuwa gavana mwezi wa Agosti, kama Katiba inavyoagiza. Lakini Katiba ilikuwa haisemi lolote juu ya namna ya kukijaza kiti cha naibu kilichoachwa wazi.

Pengo hilo lilikuwa limekwisha kuzibwa na Mahakama ya Juu. Mwaka 2018, katika shauri lililoletwa na Spika wa Bunge la Kaunti ya Embu, mahakama hiyo ilitoa maoni kwamba gavana amteue naibu katika siku 14, na bunge la kaunti lipige kura katika siku 60. Barchok alimteua Shadrack Rotich, nalo bunge la Bomet likampitisha. Kwa hiyo mtu alishika cheo cha pili katika kaunti bila kupigiwa kura na wananchi wote, ila kwa idhini ya wawakilishi wao wa wadi. Ni vigumu kupata mfano unaoonyesha vizuri zaidi uzito wa shughuli hii: pale ambapo uchaguzi hauwezekani, uthibitisho ndio uchaguzi.

Uwezo wa bunge la kaunti hauishii kwenye kukubali. Mwezi wa Oktoba 2024 wawakilishi 31 kati ya 47 wa Kericho walipiga kura ya kumwondoa Gavana Mutai, lakini Seneti ikaona kwamba theluthi mbili za 47 hazitimii kwa kura 31. Tofauti ilikuwa kura moja. Hesabu hiyo iliwafundisha watu wa Kericho jambo ambalo kokwet ililijua: kumwondoa mtu aliyekwisha kukaa kitini ni kazi ngumu kuliko kumchunguza kabla hajakaa.

8. Juu ya neno "msasa"

Sasa tunaweza kurudi kwenye lugha. Neno kuteua ni neno la kuchagua kwa makini. Kuidhinisha linatokana na idhini, yaani ruhusa. Anayeidhinisha anafungua mlango uliokuwa umefungwa. Kuthibitisha lina maana ya kukifanya kitu kiwe imara, kisitikisike. Neno hili la mwisho ndilo linalotumiwa na Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ambayo inamtaka Waziri Mkuu athibitishwe na Bunge kwa kura, kama alivyothibitishwa Kassim Majaliwa mwaka 2015, ingawa mawaziri wengine hawapitii njia hiyo.

Msasa ni neno la namna nyingine. Asili yake ni mti ambao majani yake yanakwaruza, nao mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kufika. Fundi hapigi msasa ili aamue kama mbao ifae au isifae. Uamuzi huo aliufanya zamani, alipokuwa anachagua mti, anaupasua na kuuranda. Msasa huja mwisho, kazi ikiwa imekwisha kukubaliwa, ili kitu king'ae machoni pa mnunuzi. Mbao iliyoliwa na mchwa haiponi kwa msasa, hung'aa tu.

Ni maoni yetu kwamba usemi huu haukuenea kwa bahati. Watu waliokwisha kuona wateule 19 kati ya 20 wakipita wametafuta neno linalofanana na wanachokiona, nao wamelipata. Mkulima wa chai ana mfano mwingine ulio bora. Anapofikisha majani kituoni huyamwaga yakaguliwe, na yaliyokomaa kupita kiasi hutengwa kabla ya kupimwa kwenye mizani. Hakuna anayeona kwamba karani amemvunjia heshima mkulima kwa kuyatenga, maana jani baya likishaingia kiwandani huharibu chai ya wote. Ukaguzi wa namna hiyo ndio unaostahili jina la uthibitisho.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba katika nchi ya chai kanuni ya ridhaa ilikuwako katika kokwet, ikavunjwa na sheria za 1902 na 1912, ikakaa pembeni katika miaka ya taarifa ya habari ya saa saba, na ikarudi kwa sheria za 2003, 2010 na 2011. Iliporudi ilikuwa pana kuliko ile ya kwanza, kwa sababu imewaingiza wanawake na jamii ndogo. Lakini ilikuwa pia mbali zaidi na watu. Matangazo ya kuwaalika wananchi walete ushahidi wao aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na usaili nao aghalabu hufanywa kwa Kiingereza, ingawa Katiba yenyewe imekitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Haki ya kuleta hati ya kiapo haina maana kwa mtu ambaye hakulielewa tangazo. Tena chifu wa lokesheni, ambaye ndiye ofisa anayekutana na mchuma chai mara nyingi kuliko waziri yeyote, hadi leo hathibitishwi na bunge lolote.

Kwa hiyo kazi iliyobaki si ya wanasheria peke yao. Ni kazi pia ya watu wa lugha, kuhakikisha kwamba wito wa kumhoji mteule unafika Sotik, Kipkelion na Chepalungu kwa maneno yanayoeleweka huko, na kwamba maswali ya kamati yanaweza kufuatwa na yule atakayetawaliwa. Baraza la wazee wa kokwet lilikuwa na mipaka mingi, lakini halikuwa na mkalimani. Kila aliyeketi pale alilielewa shauri, na kwa kuwa alilielewa, ukimya wake na neno lake vyote vilihesabiwa.